UZI: Heroes (2006–2010) – pa kuanzia, pa kukatia, pa kuruka, na kwa nini iliharibika

#1 – Mshona Pindo

Wakuu, swali la Heroes linarudi humu kila baada ya muda: nianze wapi, niishie wapi, na ni kweli inaharibika? Jibu la haraka ni lile lile, "angalia msimu wa kwanza, mingine tupa". Silikatai sana, ila linatupa pamoja na sehemu kadhaa nzuri kabisa zilizofukiwa huko mbele. Tuuweke mzigo wote hapa, mtu akija tumwelekeze kwenye uzi huu. Posti tatu za mwanzo hazitoi siri kubwa. Kuanzia ya nne, ukisoma ukachomwa usilalamike.

Kwa wasioijua: tamthilia ya NBC ya Marekani, mwanzilishi Tim Kring, ilianza kurushwa 25 Septemba 2006, na sehemu ya mwisho ikarushwa 8 Februari 2010. Watu wa kawaida wanagundua wana vipawa. Karani wa ofisini Tokyo anasimamisha muda kwa kukaza macho kwenye saa. Msichana wa shule Texas anavunjika shingo na kupona papo hapo. Polisi wa Los Angeles aliyefeli mtihani wa upelelezi mara kadhaa anasikia mawazo ya watu. Mchoraji mraibu wa heroini New York anachora mambo kabla hayajatokea. Hakuna aliyevaa kepi wala soksi za kubana. Usiku wa kwanza Marekani ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 14.

Hesabu: msimu wa 1 una sehemu 23, wa 2 una 11, wa 3 una 25, wa 4 una 18 au 19 kutegemea nani anahesabu (Fundi Sabtaito atalieleza hilo). Kila sehemu ni dakika 42 hadi 44 bila matangazo. Msimu wa 1 ni kama saa 16 na nusu, na zote kwa pamoja saa 55 na kitu.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Hadithi imegawanywa kwa vitabu vitano, si kwa misimu. "Genesis" ni msimu wa 1 wote. "Generations" ni wa 2. Msimu wa 3 una vitabu viwili: "Villains", sehemu ya 1 hadi 13, na "Fugitives", ya 14 hadi 25. Msimu wa 4 ni "Redemption". Kuna mafolda huko mtaani yanaiita "Fugitives" msimu wa 4, halafu mtu anaruka sehemu 12 bila kujua na kuja hapa kuuliza huyu Samuel wa msimu wa 4 katokea wapi.

#2 – Mshona Pindo

Naendelea. Pa kukatia, msimu wa 1.

Tamthilia hii ilitengenezwa kwa mtu wa kusubiri wiki nzima. Dakika mbili za mwisho za kila sehemu kazi yake ni kukuning'iniza, na maandishi ya kwamba itaendelea yanatokea muda ule ule moyo umepanda. Ukingoja sehemu iishe ndipo uzime, utakesha. Kata katikati. Kipindi cha televisheni ya Marekani cha saa moja hugawanywa vipande vitano au sita ili matangazo yaingie, na pale tangazo lilipokaa utaona skrini inakuwa nyeusi kidogo. Fungua sehemu inayofuata, itazame mpaka weusi wa pili au wa tatu, kama dakika ya 15 hivi. Hapo tundu la jana limezibwa na jipya bado halijachimbwa. Zima, ulale.

Kama unapenda kukata kwenye maungio ya hadithi yenyewe, mafungu ni haya:

1–4. Utambulisho. Sehemu ya 4, "Collision", ndipo nyuzi zinaanza kugusana, na mwisho wake kwenye treni ya chini ya ardhi ndio unaofunga fungu.

5–9. Mbio za kumwokoa yule msichana. Fungu hili ni saa tatu na nusu, lipe Jumamosi.

10–11. Ya 10 inarudi miezi sita nyuma, ya 11 inafagia uchafu. Zilipotoka, baada ya ya 11 watazamaji walisubiri kuanzia Desemba 2006 hadi 22 Januari 2007. Nawe pumzika hata siku moja, maana ya 12 inaanza taratibu kama gari lililolala nje.

12–16. Zito kidogo hapa. Subira.

17 peke yake. Usiibandike na nyingine.

18–20, halafu 21–23.

Na muhtasari wa "yaliyopita" mwanzoni mwa kila sehemu: uruke kama unaangalia mfululizo. Ulitungwa kwa aliyesahau, na mara nyingi unamkumbusha mtu mhusika ambaye hajaonekana kwa sehemu nne. Ukishamwona hapo unajua leo anarudi, na mshtuko umeisha. Sauti ya Mohinder, mwanasayansi anayesimulia mwanzoni, usiiruke, hiyo ni ya hadithi.

#3 – Fundi Sabtaito

Mkuu umenitaja. Nianze na bando. Kwa ubora wa kawaida hesabu GB 0.7 hadi 1 kwa saa. Kwa HD kamili ni kama GB 3 kwa saa. Msimu wa 1 peke yake ni GB 12 hadi 16 kwa picha ya kawaida na karibu GB 50 kwa HD. Kwenye simu ya inchi 6 tofauti haionekani, chagua ya chini. Programu nyingi za kutazama huanza na mpangilio wa "otomatiki", na huo mtandao ukiwa mzuri unapanda HD bila kukuuliza. Uweke mwenyewe kwa mkono. Zima pia kile kitufe cha kujiendesha kwenda sehemu inayofuata, kinakula bando ukiwa umelala.

Namba za msimu wa 4. Ufunguzi wake wa 21 Septemba 2009 ulikuwa wa saa mbili, "Orientation" na "Jump, Push, Fall" zikiwa zimeungana. Kuna wanaohesabu moja, kuna wanaohesabu mbili, ndiyo maana jumla unaona 77 mahali pamoja na 78 pengine. Matokeo yake: faili yako ya sehemu ya 5 inakutana na sabtaito ya sehemu ya 4 na midomo haifanani na maneno. Usilinganishe namba, linganisha jina la sehemu.

Sabtaito zinazokimbia. Pima kwanza: angalia sentensi ya kwanza, halafu nenda dakika ya 38. Zikipishana kwa sekunde zile zile mwanzo na mwisho, ni kuchelewa tu. Kwenye VLC bonyeza G zitokee mapema zaidi au H zichelewe zaidi, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Lakini kama mwanzo ziko sawa na mwisho zimepishana kwa zaidi ya dakika moja, tatizo ni kasi ya picha. Diski za Ulaya zinakwenda fremu 25 kwa sekunde, za Marekani 23.976. Sehemu ya dakika 43 inabanwa kuwa dakika 41 na sekunde 14 hivi, na tofauti mwishoni inafika dakika 1 na sekunde 46. G na H hazitakusaidia hapo, utakuwa unabonyeza mpaka asubuhi. Ifungue sabtaito kwenye Subtitle Edit, chagua kubadili kasi ya fremu kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi, umemaliza.

Hiro, yule karani wa Tokyo, na rafiki yake Ando wanaongea Kijapani, na tafsiri yake ya Kiingereza imechapwa ndani ya picha yenyewe, pembeni ya uso wa anayeongea kama kwenye katuni za kuchora. Ukiweka sabtaito yako nayo ikatafsiri hayo hayo utapata maneno mawili mawili. Zima yako wakiwa wao wawili tu. Na kama umepata nakala ambayo Kijapani hakina maandishi popote, itupe, nusu ya utamu wa msimu wa 1 uko hapo.

Diski za asili: Kenya, Tanzania na Uganda ni eneo la 5. Diski ya Marekani ni eneo la 1, ya Uingereza eneo la 2. Deki ya kawaida ya dukani itaikataa mpaka iwe imefunguliwa maeneo yote.

#4 – Dada Vipande

Asanteni, nimeelewa pa kukata. Mnichome tu, nimeshafika ya 11. Kwa nini ya 17 ikae peke yake?

#5 – Mdakuzi wa Kati

Kwa sababu "Company Man" imejengwa tofauti na zote zilizoitangulia. Hesabu sehemu ya kawaida: nyuzi tano au sita, kila mhusika anapata dakika saba nane, unarukishwa kutoka Las Vegas kwenda New York kwenda Tokyo. Ya 17 ina nyumba moja. Matt Parkman, yule polisi, na Ted Sprague, yule mwenye mionzi mwilini, wameishika familia ya Bennet mateka sebuleni, na kila Noah Bennet anapobanwa tunarudi nyuma kwa picha nyeusi na nyeupe kuona alivyoingia kazini na alivyopewa Claire, yule msichana wa Texas, akiwa mtoto mchanga. Mwandishi ni Bryan Fuller, mwongozaji Allan Arkush.

Tazama inavyofanya kazi. Ted akikasirika anachemka, kwa hiyo kila neno analotamka mtu sebuleni lina joto lake. Parkman anasikia mawazo, kwa hiyo Noah hawezi kudanganya hata kimoyomoyo, naye ni mtu aliyeishi kwa uongo miaka kumi na mitano. Claire hafi, kwa hiyo baba yake anaweza kukubali apigwe risasi ili kuwatuliza wateka nyara, na anakubali, na mama mtu anashuhudia. Vipawa vitatu, kila kimoja kinamlazimisha mtu kutenda jambo ambalo bila hicho kipawa asingelitenda. Mwanzoni mwa msimu huyu mzee wa miwani ni jambazi wa kampuni ya karatasi. Dakika 43 baadaye humwoni tena hivyo.

Ukiibandika sehemu hii na ya 16 na ya 18 inapotea humo.

#6 – Mshona Pindo

Mdakuzi kagusa kiini cha uzi wote. Kanuni yangu kwa Heroes nzima: kipawa chenye gharama kinabeba tamthilia, kipawa kisicho na gharama kinaizamisha. Pitieni mmoja mmoja.

Isaac anachora kesho, lakini mwanzoni hawezi bila heroini. Gharama iko wazi. Ile michoro, kwa taarifa, ni kazi ya Tim Sale, mchoraji wa katuni.

Hiro anasimamisha muda, ila hawezi kumwokoa Charlie, yule mhudumu wa mgahawa Midland. Anarudi nyuma siku moja, anaishia miezi sita, anampenda, na bado anashindwa. "Six Months Ago" inauma kwa sababu hiyo tu.

Sylar, yaani Gabriel Gray fundi saa wa Queens, anaelewa kitu chochote kinavyofanya kazi kwa kukitazama ndani. Gharama wanailipa wengine, kwa vichwa vyao. Sikiliza mlio wa saa, ukiusikia ujue yuko karibu.

Sasa Peter Petrelli, muuguzi wa New York. Ananyonya kipawa cha yeyote aliye karibu naye, bila kikomo. Kwa msimu mmoja inafaa, kwa kuwa hawezi kuvidhibiti na yeye mwenyewe ndiye bomu. Msimu wa 2 anaweza karibu kila kitu. Mwandishi afanye nini na mtu anayeweza kila kitu? Wakampotezea kumbukumbu na kumtupa Cork, Ireland. Msimu wa 3 wakamfanya anyang'anywe vipawa vyote na baba yake. Baadaye akapewa kimoja kwa wakati mmoja. Hiro hivyo hivyo: msimu wa 2 kafungiwa Japani ya mwaka 1671, msimu wa 3 karudishwa akili ya mtoto wa miaka kumi, msimu wa 4 ana uvimbe kwenye ubongo. Ukiona mhusika anaumwa ovyo, jua waandishi wanajaribu kumpunguza nguvu.

Kosa kubwa kuliko yote ni damu ya Claire. Msimu wa 2 Noah anapigwa risasi ya jichoni, anakufa, anachomwa sindano ya damu ya bintiye, anaamka. Kuanzia hapo kila msiba una swali: damu iko wapi? Waandishi hawakuwa na jibu, wakawa wanasahau tu kwamba ipo.

#7 – Ras Kitivo

Mshona Pindo, nakubaliana nusu. Unawabebesha waandishi mzigo ambao sehemu yake ni ya mgomo. Waandishi wa Hollywood waligoma 5 Novemba 2007 hadi 12 Februari 2008. Msimu wa 2 ulipangwa sehemu 24, zikarushwa 11. Kitabu kilichofuata kilikuwa kiitwe "Exodus", kirusi cha Shanti, ugonjwa hatari wa hadithi hii, kinatoka kwenye chupa na kuenea. Kwa sababu ya mgomo wakapiga upya mwisho wa "Powerless", sehemu ya 11: chupa inaanguka, Peter anaidaka. Kwenye toleo la awali inapasuka. Mwisho huo wa awali umo kwenye diski za msimu wa 2, utafuteni, utawaonyesha sehemu kumi zilizotangulia zilikuwa zinaelekea wapi.

Ndiyo maana yule Caitlin wa Ireland, mpenzi wa Peter, anaachwa kwenye wakati ujao na hakuna anayemtaja tena. Hatima yake ingekuwa kwenye nusu iliyokatwa. Wakati ujao ulipofutwa, naye kafutwa.

#8 – Mdakuzi wa Kati

Mgomo ulikata mkia tu, Ras. Kichwa kilishaharibika kabla. Kring mwenyewe Novemba 2007 alikiri hadharani kwenye jarida la Entertainment Weekly kwamba mwendo ulikuwa wa taratibu mno, kwamba Hiro alikaa Japani muda mrefu kupita kiasi, na kwamba mapenzi mapya hayakufanya kazi. Sehemu saba za mwanzo hakuna mgomo uliozigusa.

Na baadaye, msimu wa 3, mgomo umeshakwisha: Novemba 2008 NBC iliwafukuza Jeph Loeb na Jesse Alexander, watayarishaji wawili wakuu. Fuller akarudi kidogo baada ya tamthilia yake nyingine kukatwa, akaandika "Cold Snap", akaondoka tena. Unaangalia msimu ambao mikono iliyoushika ilibadilika katikati.

#9 – Ras Kitivo

Sawa, sehemu saba nakuachia. Lakini chupa siiachi.

#10 – Bibi wa Rimoti

Mnaongelea mgomo, hakuna aliyemtaja Usutu. Msimu wa 3 mwanzoni Parkman anatupwa jangwani Botswana na kukutana na mzee anayechora yajayo kwenye miamba. Anayeigiza ni Ntare Guma Mbaho Mwine, Mmarekani mwenye asili ya Uganda, mwigizaji wa uzito wa kutosha kabisa. Akapewa kazi ipi? Kukaa jangwani, kuwapa wageni dawa ya kuona maono, kuwaelekeza njia, na kukatwa kichwa kabla kitabu hakijaisha. Hana familia, hana mji, hana analotaka kwa ajili yake mwenyewe. Isaac alikuwa na mpenzi, uraibu na wivu. Kipawa ni kile kile. Mmoja kaandikwa mtu, mwingine kaandikwa kibao cha barabarani.

Mwangalieni na yule wa Haiti, Jimmy Jean-Louis, mzaliwa wa Haiti kweli. Misimu inapita anaitwa kwa nchi yake tu. Na D.L., mhusika mwingine mweusi, anapona risasi za msimu wa 1 ili aje afe kwa mkato kwenye kumbukumbu ya msimu wa 2. Monica wa New Orleans, anayeiga mwendo wowote aliouona mara moja, ni kipawa kizuri kwa kamera na cha bei nafuu kupiga, naye kaachwa njiani.

Hata hivyo ile sehemu ya 8 ya msimu wa 3, "Villains", ambapo Usutu anampeleka Hiro kuona yaliyopita, ni ya lazima. Inaeleza Sylar alivyosukumwa kuwa Sylar.

#11 – Mshona Pindo

Umesema kweli tupu, Bibi. Basi niweke orodha ya kuruka, kwa mtu mwenye kazi kesho.

Msimu wa 2: tazama ya 1 ujue nani yuko wapi. Ukiwa mvivu ruka hadi ya 8, "Four Months Ago", inayojibu maswali ya ya 1, kisha 9, 10, 11. Utakosa safari ya mapacha Maya na Alejandro kutoka kusini kuelekea Marekani. Hutajuta.

Msimu wa 3, "Villains": 1, 2, 4, 6, 8, kisha 12 na 13. Zile mbili za kupatwa kwa jua, 10 na 11, ni nzuri kwa wazo (vipawa vyote vinazimika) na mbovu kwa utekelezaji. Jambo la Angela, mama yake Peter, kudai Sylar ni mwanawe usiliamini moja kwa moja.

"Fugitives" iangalie yote, 14 hadi 25. Serikali inawakamata, wanavalishwa mavazi ya rangi ya chungwa, wanapakiwa kwenye ndege wakiwa wamelevywa dawa. Hadithi moja, adui mmoja, vipawa vinarudi kuwa tatizo. Zisikupite: 17, ya 20 "Cold Snap", na ya 23 "1961", yenye kumbukumbu za picha nyeusi na nyeupe, kambi ya Coyote Sands, Arizona.

Msimu wa 4: nendeni na Samuel wa sarakasi. Kipawa chake cha kusogeza ardhi kinakua kadiri watu wenye vipawa wanavyomzunguka, kwa hiyo ukarimu wake wote ni mtego. Mbaya aliyeandikwa kwa akili. "The Fifth Stage" (ya 11 au ya 12, kutegemea hesabu) na "The Wall" msiziruke.

#12 – Ras Kitivo

Msimu wa 4 wote kwangu una shida moja: Sylar. Ameshakufa, ameshabadilika, amesharudi, amevaa mwili wa Nathan, ndugu yake Peter, na kumbukumbu za Nathan. Quinto, mwigizaji wake, alipendwa mno, wakaogopa kumuua mwisho wa msimu wa 1, na kila msimu wakalipa deni hilo. "The Wall" ni nzuri kwa kuwa hatimaye wamemfungia mahali na Peter, mtu ambaye Sylar alimuulia ndugu, miaka inapita humo ndani, hakuna pa kukimbilia. Wangefanya hivyo mapema.

Na ushauri kwa wanaotaka msimu wa 1 tu: mwisho wa ya 23, mambo ya bomu kwenye uwanja wa Kirby, New York, yakiisha, zima. Kinachofuata ni mlango wa msimu wa 2. Ukizima hapo una hadithi kamili yenye mwanzo na mwisho.

#13 – Dada Vipande

Na Heroes Reborn? Na zile katuni za mtandaoni?

#14 – Bibi wa Rimoti

Reborn, mwendelezo wa tamthilia hii, ni sehemu 13, Septemba 2015 hadi Januari 2016. Noah Bennet yupo, Hiro anapita, Claire hayupo kwa kuwa mwigizaji wake, Panettiere, hakurudi. Wakasema alikufa akijifungua mapacha. Msichana asiyekufa! Wana maelezo yao, sikilizeni mwenyewe mwamue. Iangalie kama umemaliza zote nne na bado una hamu, si kabla.

Katuni hazikulazimishi. Zilikuwa zinatolewa mtandaoni na NBC pamoja na tamthilia, na faida yake kubwa ni Hana Gitelman, mwenye kipawa cha kupokea mawimbi ya mawasiliano kichwani. Kwenye skrini anaonekana kidogo tu, sehemu ya 16 ya msimu wa 1. Hadithi yake nzima iko kwenye katuni.

#15 – Mdakuzi wa Kati

Mkitaka wazo hilo hilo likiwa limebanwa vizuri, Misfits ya E4 Uingereza, 2009 hadi 2013, mwandishi Howard Overman, misimu 5, sehemu 37. Vijana watano wa kifungo cha nje wanafagia mitaa ya London kusini mashariki, dhoruba inawapiga, kila mmoja anapata kipawa kinachotoka kwenye jeraha lake. Kijana asiyeonwa na watu anatoweka machoni. Mwanariadha aliyeharibu maisha kwa usiku mmoja anarudisha muda, ila anaposhikwa na majuto tu, hawezi kwa kutaka. Gharama imefungwa ndani ya kipawa chenyewe, Mshona Pindo utafurahi. Msimu wa 1 na 2 ni sehemu 13 tu, wikiendi moja. Lugha yake chafu na kuna ngono, usiiwashe sebuleni kwa wakwe.

Nyingine ni The 4400, 2004 hadi 2007, sehemu 44. Watu 4,400 waliopotea kwa nyakati tofauti wanarudishwa siku moja bila kuzeeka. Ilitangulia Heroes kwa miaka miwili. Ilikatwa bila kufungwa, mjiandae.

#16 – Baba Mapacha

Nimefuata uzi kimya kimya. Wanangu wana miaka 9 na 11, naweza kuangalia nao msimu wa 1?

#17 – Bibi wa Rimoti

Baba Mapacha, wa 9 hapana. Wa 11 ukiwa pembeni na rimoti mkononi.

Sehemu ya 1: Claire anaruka kutoka juu sana na kujirekodi, baadaye anaingiza mkono kwenye mashine ya kusaga taka ya sinki. Mtoto anaweza kujaribu, mweleze kabla. (Kipande hicho cha sinki kilimfanya mtengenezaji wa mashine, Emerson, aishtaki NBC mwaka ule ule wa 2006 kwa kuwa jina la bidhaa lilisomeka, kwa hiyo nakala nyingine zimefuta jina.) Pia Isaac na heroini.

Sehemu ya 2: maiti iliyogandishwa, fuvu limekatwa. Inaonekana waziwazi. Ruka.

Mwisho wa ya 3 na mwanzo wa ya 4: kijana anataka kumbaka Claire, Claire anasukumwa na kuangukia tawi, kisha anaamka mochwari kifua kikiwa wazi. Hii usiiache ipite bila kuzungumza nao, au iruke kabisa kisha uwaeleze kwa maneno yako kilichotokea, maana sehemu ya 5 inaitegemea.

Ya 9 Jackie, mwanafunzi mwenzake Claire, anauawa na Sylar shuleni, ya 11 mwanadada Eden anajipiga risasi. Ya 18 mchoraji anakatwa kichwa juu, unasikia zaidi ya unavyoona. Hadithi za Hiro nyingi ni salama, na wao ndio watakaomtaka huyo huyo.

#18 – Baba Mapacha

Asante Bibi. Na ile sabtaito ya Kijapani, mdogo hasomi Kiingereza kwa kasi.

#19 – Fundi Sabtaito

Punguza kasi ya VLC iwe 0.8 kwenye vipande vya Hiro tu. Kitufe cha mabano ya mraba ya kushoto ([) kinashusha, cha usawa (=) kinarudisha kawaida. Au usitishe picha na umsomee kwa Kiswahili. Vipande vyao ni vifupi, dakika tano sita kwa sehemu.